Kisanduku cha Vitufe Vinane

Jumanne, 8 Julai 2025

Balaa. Mzee Almas katuita mazoezini mapema, sijafungua hata begi la gitaa. Kasema hoteli ya bustani kule barabara ya Iringa inatafuta bendi ya kupiga kila Ijumaa jioni. Kazi ya kudumu, mwaka mzima, na chakula juu yao. Nikapiga makofi peke yangu. Kumbe hakuwa amemaliza. Jukwaa lao ni dogo, wanataka watu wanne tu. Besi ya Mzee Almas mwenyewe, ngoma, sauti ya Rukia, na gitaa moja.

Gitaa moja! Na sisi tuko wawili. Mimi, Kristofa, mpiga solo, miaka kumi na mmoja kazini. Halafu Damas, mpiga rizim, mume wa dada yangu Asnath, ambaye nyumba ninayolala ni yake. Tutajaribiwa Jumamosi ya wiki ijayo, tarehe 19. Tutapiga wote wawili, meneja atachagua anayemtaka.

Damas alisikiliza, akatikisa kichwa polepole kama mtu aliyeambiwa kesho maji hayatatoka. Akaendelea kukaza nyuzi. Mtu huyu hana wasiwasi na ndicho kinachonichosha. Anachomeka gitaa moja kwa moja kwenye amplifaya, hana pedali hata moja ya kubadilisha sauti, anapiga vilevile tangu nimfahamu, na watu wanampenda. Sielewi wanapenda nini.

Mchana nimekula kwake. Ugali na mlenda. Sahani mbili, lakini kwa mawazo.

Jumatano, 9 Julai

Sikutulia tangu alfajiri. Nimezunguka nyumba, nimekwenda dukani kununua kiberiti ambacho hakihitajiki, nimerudi. Mwishowe nikaligundua tatizo langu. Si vidole. Ni miguu.

Nina pedali saba. Moja inakwaruza sauti, moja inaitetemesha, moja inaipa mwangwi, na kadhalika. Nikitoka kwenye ubeti kwenda kwenye solo lazima nizime mbili na kuwasha tatu. Hatua tano! Nikimaliza kukanyaga, solo nayo imeisha. Kwenye harusi ya mwezi uliopita nilisahau kuzima mwangwi, bwana harusi akaingia ukumbini kama anatokea pangoni.

Nikaenda mjini dukani kwa Rizwan, anayeuza maikrofoni na vinanda. Nikamweleza. Akaniangalia, akaingia stoo, akatoka na kisanduku cheusi chenye vitufe vinane vya kukanyaga. Kasema pedali zote unazichomeka humo. Unakipangia: kitufe namba moja kiwashe hizi na kuzima zile, namba mbili nyingine, hivyo hivyo hadi nane. Ukishapanga, kukanyaga ni mara moja tu na kila kitu kinabadilika. Kiliagizwa na mteja ambaye hakurudi, kimekaa miaka miwili.

Nimebadilishana naye kwa pikipiki yangu. Kauliza kama inawaka. Nimemwambia inahitaji tu mtu mwenye subira.

Asnath kafurahi sana kuona kibaraza kimebaki kitupu. Kaniita mtu mzima, mara ya kwanza mwaka huu.

Ijumaa, 11 Julai

Jana nilikwenda Kizota kwa fundi wa kuchomelea, anitengenezee ubao wa chuma wa kubebea pedali zote na kisanduku. Ni fundi mzuri, lakini kazi yake ni mageti, na ubao umetoka na uzito wa geti. Damas ndiye aliyenisaidia kuubeba kutoka barabarani. Hakuuliza ni wa nini. Alisema tu kwamba chuma ni kizuri.

Leo nimepanga tangu asubuhi. Ubao umejaa sebule nzima, mtu akitaka kwenda jikoni anauruka. Kitabu cha maelezo hakina neno hata moja la Kiswahili, nimempigia Rizwan mara tisa. Unabonyeza kitufe na kushikilia mpaka taa ipepese. Unachagua pedali. Unashikilia tena ili kihifadhi. Hiyo "tena" Rizwan aliisema kwenye simu ya tisa, saa kumi, baada ya Asnath kuchomoa waya wangu ili achaji simu yake. Kazi ya siku nzima ikapotea. Kisanduku kikawaka kitupu kama kilivyotoka dukani.

Nimetoka nje nikasimama kwenye upepo. Vumbi likaniingia machoni. Nimerudi nikaanza upya. Namba moja, ubeti. Namba mbili, kiitikio. Namba tatu, solo yangu kubwa.

Jumapili, 13 Julai

Mazoezi. Sitaki kuandika, lakini nitaandika.

Kwenye wimbo wa kwanza nilikanyaga nne badala ya tatu. Kwenye wa pili nilikanyaga tatu na nne kwa pamoja, maana kiatu changu ni kipana, na kisanduku kikakataa vyote. Kwenye wa tatu macho yangu yalikuwa chini muda wote, nikaanza kiitikio Rukia akiwa bado kwenye ubeti. Rukia kaniuliza kwa upole kama mguu unaniuma. Mzee Almas kasema ninacheza kama mtu aliyesimama juu ya siafu. Wakacheka, mpiga ngoma mpaka akaangusha kijiti.

Damas hakucheka. Alibaki nyuma akanisaidia kukunja nyaya, kila moja kwa duara lake. Ningependa zaidi kama angecheka.

Lakini jioni hii, bado jua halijazama, nimefika ukurasa wa mwisho wa kile kitabu. Kuna mchoro. Nimeupiga picha ukurasa, nimemtumia Rizwan, kanijibu. Kisanduku kinaweza kugawanywa sehemu mbili! Njia nne za kuchomekea pedali kwa gitaa moja, njia nne kwa gitaa lingine. Magitaa mawili, na mguu mmoja ndio unaoamua kila gitaa litoe sauti gani.

Nimesoma jibu lake mara sita, nimesimama. Siwezi kukaa.

Jumatatu, 14 Julai

Nimeongea na Damas wakati wa chai. Nimemwambia sauti yake ni nzuri lakini ni kavu. Watu wa hoteli wamezoea mambo ya kisasa. Kwa kuwa ni shemeji yangu, niko tayari apitishe gitaa lake kwenye kisanduku changu. Asibonyeze chochote. Apige tu, nami nitamshughulikia kwa mguu wangu.

Ile "nitamshughulikia" ilinitoka vizuri.

Damas aliweka kikombe chini. Kasema hakutegemea, hasa wiki hii ambayo tunashindania nafasi moja. Kasema nina roho nzuri. Nikatazama maandazi. Asnath alikuwa mlangoni na alinitazama kwa muda mrefu, kwa yale macho aliyorithi kwa mama.

Jumatano, 16 Julai

Mpango umekamilika. Nauandika hapa kwa sababu hakuna mtu wa kumwambia.

Namba moja hadi sita ni halali kabisa. Mimi tamu, Damas safi. Namba saba: mimi tamu zaidi, naye anaingia kwenye mwangwi mrefu, kila anachopiga kinarudi mara tatu. Mtu wa rizim anapiga bila kupumzika, kwa hiyo vitarudi vikabanana kama mbuzi kwenye mlango wa zizi. Namba nane: mwangwi uleule, na juu yake mtetemo, mfano wa kaseti iliyoachwa juani. Nitaanza na saba meneja akishatulia. Nikiona bado anamsikiliza Damas, naongeza nane.

Damas alikuwa ametoka, nikachukua gitaa lake nikajaribu. Vibaya sana. Safi kabisa. Asnath akauliza kutoka jikoni kelele gani hizo. Nikajibu ni hitilafu. Akaja na mwiko mkononi, akasimama, akauliza ni namba ngapi hiyo. Nikasema saba. Akarudi jikoni.

Wakati wa kula, bila kunitazama, kasema Damas akikosa hii kazi atarudi Kibaigwa kwenye udalali wa mahindi, kama alivyofanya mwaka ule. Atakuwa anakuja nyumbani mara moja kwa wiki. Kasema mwaka ule yeye alizoea kufunga mlango usiku peke yake na hakupenda. Nimemwambia Kibaigwa siku hizi ina fursa nyingi. Akaondoa sahani yangu sijamaliza.

Ijumaa, 18 Julai

Nina hasira na sijui nizipeleke wapi.

Tulikuwa kibarazani mchana, mimi na Damas, tunafunga ubao kwa kamba tayari kwa kesho. Akaacha kamba. Akasema, "Shemeji, nimeshaongea na Mzee Almas. Wakinichagua mimi kesho, nitawaambia wakuchukue wewe."

Nikamuuliza kwa nini.

"Mimi Kibaigwa wananijua. Nikifika leo, kesho nina kazi. Wewe huna pa kwenda."

Akaendelea kufunga kamba. Hakusema kwa dharau, na hilo ndilo baya. Alisema kama anavyosema chuma ni kizuri.

Sina pa kwenda! Nimetembea mpaka barabara kuu na kurudi mara tatu. Mara ya pili mama muuza vitumbua akaniuliza kama kuna msiba.

Kusema kweli, jambo lilikuwa limeisha. Wakinichagua mimi, kazi yangu. Wakimchagua yeye, kazi yangu. Kilichobaki ni kuifuta namba saba na namba nane, kazi ya dakika moja. Nilirudi kibarazani, nikalegeza kamba, nikachomeka waya. Nikakishikilia kitufe mpaka taa ikapepesa.

Halafu nikawasikia kichwani. Mpiga ngoma, Rukia, mji mzima. Kristofa yule? Kazi aliachiwa na shemeji yake, alimwonea huruma.

Sitaki kuachiwa. Nataka kushinda. Nikaondoa kidole.

Jumamosi, 19 Julai

Nimezunguka nyumba mara mbili ndipo nikae kuandika. Bado sijatulia, naandika hivyo hivyo.

Tulifika hotelini saa tisa. Upepo unabeba vitambaa vya meza, wahudumu wanavikimbiza. Watu wachache: familia moja inakula nyama choma, wazee wawili na chai yao. Meneja, Bi Shamila, ni mama mfupi mwenye miwani kichwani na nyingine machoni. Kasema tupige kama vile hayupo, akavuta kiti mpaka mbele ya jukwaa.

Wimbo wa kwanza nilibaki namba moja na mbili. Salama. Bi Shamila anatazama simu. Nikapiga solo yangu, nzuri, naapa ilikuwa nzuri. Anatazama simu.

Wimbo wa pili, ule wa polepole. Katikati ya ubeti nikakanyaga saba.

Gitaa la Damas likaanza kujirudia. Mara ya kwanza alishtuka, nikamwona akigeuza shingo kuitazama amplifaya. Vikabanana, kama nilivyopanga. Mbuzi mlangoni. Nikashusha pumzi.

Halafu Damas akaacha kupiga. Kwa muda mfupi tu. Akasikiliza kile kinachorudi. Akapiga nyuzi mara moja, akangoja. Mwangwi ukamjibu mara tatu. Akapiga tena pale ulipoishia. Yule mtu ambaye tangu nimfahamu hajaacha pengo hata moja akaanza kupiga robo ya anachopigaga, na sehemu iliyobaki akaiachia mashine. Ikawa kama wapiga gitaa wako wanne. Rukia alifumba macho, akaanza kuimba taratibu zaidi. Mzee Almas naye akapunguza besi. Mhudumu aliyekuwa anakimbiza kitambaa akasimama nacho mkononi.

Bi Shamila akaweka simu mezani, kioo kikitazama chini.

Nikakanyaga nane. Nilikuwa nimebaki na nane tu! Mtetemo ukaingia. Damas akapanda juu kabisa ya gitaa, kwenye nyuzi nyembamba, na sauti ikawa inapepea kama ile mikanda ya zamani ambayo baba alikuwa anapiga siku za mavuno. Mmoja wa wale wazee wa chai akavua kofia, akaiweka magotini.

Nikarudi saba. Nikaenda nane. Saba, nane, saba, nikitafuta mahali pa kumharibia. Kila nilipobadilisha, alisikiliza kidogo akakuta la kufanya. Nilikuwa nimeinamia miguu yangu kiasi kwamba solo yangu ilipita sikuiona. Rukia alinigeukia mara mbili. Mara ya tatu hakunigeukia tena, akaimba moja kwa moja.

Wimbo ulipoisha, ile familia ilipiga makofi ikiwa na nyama mikononi.

Bi Shamila akasimama, akamwonyesha Damas. "Gitaa hili linalojijibu. Nani amelitengeneza hivi?"

Nilifungua mdomo. Damas akanitangulia.

"Ni shemeji yangu huyu. Wiki nzima amelala na hizi nyaya kwa ajili yangu, na anajua tuna nafasi moja."

Wote wakanitazama. Mpiga ngoma alikuwa na sura ya mtu anayetaka kuomba radhi. Ningesema nini? Kwamba si kweli, kwamba nilitaka kumwangusha? Nikatazama viatu.

Damas akaendelea, akasema kama ni kuchagua, basi wamchukue shemeji. Bi Shamila akabadilisha miwani, akafikiri. Kasema gitaa anataka la Damas, hilo halina mjadala. Lakini gitaa hilo bila mtu wa kukanyaga halitakuwa hilo. Akaita mhudumu, akamwambia alete kiti kimoja, akiweke pembeni ya jukwaa, pale nyuma ya vyungu vya maua. Hapo ndipo nitakapokaa, na kisanduku. Bila gitaa, maana nafasi ya gitaa la pili haipo.

Nimepata kazi. Kazi ya mguu.

Jumapili, 20 Julai

Asnath kachinja kuku. Kaniwekea paja. Damas kasema mbele ya majirani kwamba katika maisha yake hakuna mtu aliyemfanyia jambo kubwa hivyo, na jirani mmoja, Mama Sidonia, akanishika mkono akaniombea. Paja lilikataa kushuka. Nikala na bawa ili lisukume.

Majirani walipoondoka nikamfuata Asnath uani, alikuwa anasugua sufuria. Nilitaka kumsaidia. Kwa kweli nilitaka tu kuwa karibu na mtu ambaye hanishukuru.

Hakuinua kichwa. Akasema, "Niliisikia Jumatano, Kristofa. Najua ilikuwa ya nini."

Nikamwambia dada, nisamehe. Akasema hatamwambia Damas, kwa sababu Damas alivyorudi jana alikuwa anapiga mluzi, na hajamsikia akipiga mluzi tangu wahamie nyumba hii. Kasema nitakaa naye kila Ijumaa nikimtazama usoni, na hiyo inatosha. Akanipa sufuria nisuuze.

Nilisuuza sufuria zote, hata zile safi. Nimejisikia vibaya kwelikweli. Mtu akiwa na dada wa namna hii na shemeji wa namna ile, lazima abadilike. Nimeamua. Mimi na vituko basi. Nitakanyaga ninachotakiwa kukanyaga, nitakula ninachopewa, nitashukuru.

Nimetulia kabisa. Ni hali ngeni, lakini nzuri.

Jumatano, 23 Julai

Mzee Almas kaleta mtu mpya mazoezini. Erick, mpiga saksafoni, katoka Singida juzi. Bi Shamila alimsikia akipiga kwenye sherehe ya mtu akasema jukwaa litabanwa kidogo, hakuna neno, apangwe. Kumbe linabanika! Lilikuwa halibaniki kwa gitaa la pili, linabanika kwa saksafoni.

Na wapi anasimama? Mbele ya vyungu vya maua. Yaani mbele yangu hasa. Nitaonekana miguu tu.

Kapiga wimbo mmoja. Rukia kasema ana pumzi za ajabu. Mpiga ngoma akampigia saluti na vijiti. Damas, ambaye hana akili ya kuona hatari, akamkaribisha nyumbani kwa ugali Jumamosi. Erick akauliza mimi ni nani, mbona nimekaa kwenye kiti bila chombo. Wakamwambia ni fundi. Fundi!

Nimerudi nyumbani kwa miguu, haraka, nikafungua kitabu cha maelezo. Nimelitazama jambo hili kwa utulivu, bila hasira. Kule kwa Damas kosa langu lilikuwa moja tu, na ni la kiufundi. Nilitumia mwangwi mrefu. Mwangwi mrefu unampa mtu nafasi ya kufikiri. Ungekuwa mfupi, usiofuata mapigo, asingejua afanye nini. Kila mtu anaweza kukosea mara ya kwanza.

Gitaa la Damas linatumia njia mbili. Njia zangu nne hazina kazi tangu ninyang'anywe gitaa. Nimempigia Rizwan simu, kathibitisha. Maikrofoni ya saksafoni inaingia vizuri, inahitaji tu kijiunganishi kidogo ambacho anacho dukani.

Jioni nimempigia Erick. Nimemwambia pumzi zake ni nzuri lakini sauti ni kavu kidogo, na watu wa hoteli wamezoea mambo ya kisasa. Kashukuru mpaka nikaona haya. Kasema Singida hakuna mtu aliyewahi kumjali hivyo, na kama sitaona taabu, ataleta maikrofoni Ijumaa tujaribu.

Nimemwambia Ijumaa ni mbali, alete kesho asubuhi.